Jibu Limetangulia, Swali Liko Njiani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usenet

Kila nikianza kumwelezea mtu Usenet ilivyokuwa inafanya kazi, baada ya dakika tano ananikatisha na swali lilelile, inakuwaje jibu lifike kabla ya swali, na nikishajibu hilo yanakuja mengine kumi nyuma yake. Nimechoka kuyaandika upya kila mara kwa hiyo nimeyamwaga yote hapa. Mpangilio wake si wa kitabu, nimefuata tu jinsi watu wanavyoniuliza.

Kwanza Usenet ndo nini? Mi nimezaliwa enzi za WhatsApp

Ni mfumo wa kujadiliana kwa maandishi. Wazo lilikuja 1979 kwa Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa chuo kikuu cha Duke kule North Carolina, Marekani, halafu Steve Bellovin wa chuo cha jirani pale Chapel Hill akaandika toleo la kwanza kwa skripti za Unix. 1980 ukaanza kutumika. Mashine za mwanzo zilikuwa tatu tu, duke, unc na phs, na wenyewe walikadiria itakuwa posti moja au mbili kwa siku. Cheka tu.

Cha kushika ni kwamba hakukuwa na seva kuu. Hakuna mahali pamoja ambapo mjadala "upo". Kila mashine ilikuwa na nakala yake, na nakala zilisambaa kama habari ya msiba mtaani: ukiipata unampa jirani, jirani anampa wa kwake, na ukiletewa mara ya pili unasema hii ninayo tayari. Na kila mtu anaipata kwa wakati wake.

Zilikuwa zinasafirije, intaneti si ilikuwepo?

Ilikuwepo ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, lakini haikuwa ya kila mtu. Wengine walitumia UUCP, programu aliyoianzisha Mike Lesk pale Bell Labs miaka ya sabini. Mashine moja inapiga simu kwa nyingine kwa modemu, simu ya kawaida kabisa ya waya, inatuma mafaili, inakata. Na kwa sababu simu za mbali usiku zilikuwa na bei nafuu, mashine nyingi zilisubiri watu walale ndo zianze kupigiana. Modemu za mwanzo za kasi ya bodi (baud) 300 zilipitisha kama herufi 30 kwa sekunde, kwa hiyo posti ya herufi elfu tatu inakula dakika moja na sekunde arobaini, na hapo laini haijakatika. Ikikatika, tukutane kesho usiku.

1986 ikatoka NNTP, itifaki ya kupitisha posti juu ya TCP, yaani kwa intaneti badala ya simu za UUCP, waandishi wake Brian Kantor na Phil Lapsley. Hapo mambo yakawa ya dakika badala ya siku, ila tatizo letu halikuisha.

Haya, sasa jibu linatanguliaje swali?

Hapa watu wengi wanaelezea vibaya. Wanakwambia "njia ni tofauti, jibu limepita njia fupi". Sio kweli yote, na nitakuonyesha kwa nini.

Chukua mashine nne, mto, bonde, mlima na ziwa. Mtu wa mto anauliza swali. Bonde inalipata, mtu wa bonde anajibu. Mlima ni jirani wa bonde. Sasa bonde inapompigia mlima haipeleki jibu peke yake, inapeleka kila kitu ambacho mlima hajakipata, na swali liliingia bonde kabla ya jibu, kwa hiyo kwenye foleni ya kwenda mlima swali liko mbele. Ukiifuata hesabu hiyo mashine kwa mashine utagundua kwamba kama kila laini inatunza foleni na hamna kinachopotea, jibu haliwezi kulitangulia swali lake popote pale, hata njia ziwe elfu. Kinadharia tatizo lisingekuwepo!

Lilikuwepo kwa sababu foleni zenyewe hazikutunzwa. UUCP haikuahidi kwamba fungu (posti kadhaa zilizofungwa pamoja) lililotangulia kuwekwa ndo litatangulia kufunguliwa upande wa pili. Diski inajaa katikati ya mapokezi, fungu moja linaharibika, mafungu yanayofuata yanaingia salama. Kwenye NNTP ni vilevile ila kwa sura nyingine: seva inasema IHAVE, yaani ninayo, na kitambulisho cha posti, mwenzake anajibu 335 lete, au 435 siitaki, au 436 imeshindikana jaribu baadaye. Ile 436 ndo mchawi wetu. Swali linapewa "baadaye", linawekwa pembeni kwenye faili la viporo, jibu linalofuata linapokelewa vizuri, na kiporo kinakuja kupashwa saa sita mbele. Baadaye seva zikaanza kufungua laini kadhaa kwa mpigo kwa jirani mmoja, na hapo posti kubwa kwenye laini ya kwanza inapitwa na posti ndogo kwenye laini ya pili, kama lori la mizigo na bodaboda.

Halafu kuna ambazo si kuchelewa, ni kutofika. Mijadala ya Usenet iligawanywa makundi kwa mada, na seva ya mlima haibebi kundi ambalo swali liliulizwa, lakini aliyejibu kaongeza kundi jingine ambalo mlima inalibeba. Jibu linaingia, swali haliingii milele. Au swali lilikuja likakaa wiki mbili likafutwa kupisha nafasi kwenye diski, manake diski zilikuwa ghali, ndo mtu anaamka kujibu. Kwa msomaji mpya inaonekana sawasawa tu na jibu lililotangulia: anaona mtu anasema "hapana, hiyo ni hatari sana usifanye" na hajui hiyo ni nini.

Si wangepanga kwa tarehe na saa tu, yakaisha?

Walijaribu, na ukijaribu utaona kwa nini haikutosha. Saa ya kompyuta ya miaka ile ilikuwa inawekwa na binadamu, kwa mkono, baada ya kuwasha mashine. Mtu mwenye saa iliyochelewa nusu saa akijibu ndani ya dakika kumi, jibu lake linaonekana limeandikwa kabla ya swali. Mwingine mwaka wenyewe kakosea, posti yake inakaa juu ya zote hadi ifutwe.

Halafu kanda za saa. RFC 822 (RFC ni nyaraka zinazoweka kanuni za mtandao), waraka wa 1982 uliopanga barua pepe ziandikweje na Usenet ikafuata, ulitaja kwa majina kanda za Marekani na GMT, sisi wa Afrika Mashariki unaandika tu +0300. Kulikuwa pia na kanda za kijeshi za herufi mojamoja, na waraka wenyewe uliziandika kinyume, jumlisha ikawa toa, ikabidi RFC 1123 ya 1989 iseme wazi kwamba hizo herufi zilikosewa msiziamini. Fikiria, mfumo wa kusoma saa na saa yenyewe imepinduliwa kwenye maelekezo. (Na hatujaongeza Mswahili anayeandika "tukutane saa tatu" kwa mtu wa Ulaya.)

Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, alishaandika 1978, kabla hata Usenet haijazaliwa, kwamba kwenye mashine zilizotawanyika swali la "lipi lilitangulia" halijibiwi kwa kuangalia saa, linajibiwa kwa kuangalia nini kingeweza kusababisha nini. Jibu limesababishwa na swali. Huo mfuatano una uhakika hata saa zote zikiwa mbovu. Posti mbili ambazo hakuna aliyeisoma ya mwenzake, basi hazina wa kwanza, usijisumbue, panga unavyotaka.

Na zile namba za posti kwenye kundi?

Namba zilikuwa za seva yako tu. Posti hiyohiyo ni 4012 kwako na 377 kwangu. Namba inakwambia iliingia lini hapa nyumbani, basi. Ila programu za kusomea za mwanzo ziliitegemea sana, hata rn ya Larry Wall ya 1984 ilikupitisha kwa namba na faili la .newsrc lilitunza tu kwamba umesoma 1 mpaka 4011. Kwa hiyo unasoma kwa mpangilio wa kuwasili, na ukitaka kufuata mada moja unabonyeza Ctrl-N ikutafutie inayofuata yenye kichwa kilekile. Ilitosha kwa mtu mvumilivu.

Kwa hiyo walitatuaje?

Walilifanya jibu litembee na ukoo wake. Kila posti ina Message-ID, jina ambalo halijirudii duniani kote, na kila jibu lina mstari wa References unaotaja posti inayojibiwa na zilizoitangulia. Tuone kwa macho, mashine zetu zilezile:

Path: ziwa!mlima!bonde!juma
Subject: Re: Terminal inarudia herufi
Message-ID: <88@bonde.UUCP>
References: <101@mto.UUCP>

Path inasomwa kutoka kulia: juma wa bonde kaandika, ikapita mlima, iko ziwa. Hiyo inaizuia ziwa isiirudishe mlima, manake jina lake limo. Message-ID ndo inayowezesha seva kusema hii ninayo tayari. Na References inasema mi ni mtoto wa 101 wa mto. Hata kama 101 haijafika ziwa, ziwa inajua ipo, inajua jina lake, inajua mtoto wake ni nani. Hapo ndo pana akili yote. Hujui swali linasema nini lakini kiti chake kipo.

Rita Atieno anajibu pale mlima, posti yake itabeba References zote mbili, 101 halafu 88, babu kwanza kisha mzazi. RFC 850 ya 1983 iliudai huo mstari kwa kila jibu, na RFC 1036 ya Desemba 1987 ikarudia.

Mjadala wa majibu mia si utakuwa na References ndefu kama treni?

Unakuwa. RFC 1036 iliruhusu kukata, ikaomba tu ubakize idadi ya maana, na kila mwandishi wa programu akaelewa "ya maana" kivyake. Wengine walikata kwa herufi mpaka wakakata kitambulisho katikati, kikawa cha posti ambayo haipo duniani. Sheria ikaja kukaa vizuri mwaka 2009 kwenye RFC 5537: ukikata, usiguse cha kwanza kabisa wala viwili vya mwisho. Sababu iko wazi, cha kwanza kinakwambia uzi gani (uzi ni posti ya kwanza na majibu yake yote), vya mwisho vinakwambia kwenye uzi ukae wapi, na wa katikati wengine utawapata kwa majibu mengine.

Kwa nini watu wa zamani walikuwa wanakwoti kila kitu? Inakera

Inakera kwako kwa sababu swali liko juu ya jibu kwenye skrini yako. Wao hawakuwa na uhakika huo. References inaisaidia mashine, ule mshale > mwanzoni mwa kila mstari ulionakiliwa kutoka posti inayojibiwa unamsaidia binadamu ambaye swali halijamfikia. RFC 1855 ya 1995, ule waraka wa adabu za mtandaoni, unasema hivyohivyo, kwamba kwa kuwa posti zinapitishwa mashine hadi mashine inawezekana mtu akaona jibu kabla ya swali, kwa hiyo mpe muktadha. Na waraka huohuo unasema usikwoti yote, bakiza kinachotosha.

Kuna wakati walizidisha. Majibu yenye mishale sita mbele, mistari tisini ya kukwoti na chini yake "Nakubaliana". Baadhi ya programu zikaanza kugoma kutuma posti ambayo mistari ya kukwoti ni mingi kuliko mipya, na watu, wajanja hawaishi, wakaanza kuongeza mistari ya upuuzi chini ili ipite.

Programu ya kusomea inachoraje uzi wakati mzazi hayupo?

Ya kwanza ambayo wazee wengi wanaikumbuka kwa hili ni trn ya Wayne Davison, iliyojengwa juu ya rn. Ilichora kimti kidogo kwenye kona ya juu kulia ya skrini, mabano yameunganishwa na vistari, unaona uko tawi gani, unapanda kwa mzazi kwa kitufe kimoja. Kwenye skrini ya herufi 80 kwa 24! Mi naona mpaka leo kuna app hazijafikia hapo.

Maelezo yanayoeleweka zaidi ni ya Jamie Zawinski, mwandishi wa programu, yaliyotumika kwenye sehemu ya barua na Usenet ya kivinjari cha Netscape 2.0 na 3.0, akayaandika hadharani 1997. Yanakwenda hivi. Unakuwa na makontena. Kila kitambulisho unachokutana nacho, iwe ni cha posti uliyonayo au umekisoma tu kwenye References za mtu, unakipa kontena. Posti ikiwepo inaingia humo, isipokuwepo kontena linabaki tupu. Kisha unapita kwenye kila mstari wa References ukiunganisha, huyu mzazi wa huyu, huyu mzazi wa huyu. Posti ije leo ije kesho, kontena lake linamsubiri. Mpangilio wa kuwasili unakuwa hauna maana tena, unaweza kuzisoma kinyume na mti ukatoka uleule.

Mwishoni unapita na fagio. Kontena tupu lisilo na mtoto, tupa. Kontena tupu lenye mtoto, toa kontena na mtoto apande nafasi yake. Ila, na hii ndo sehemu aliyotuliza kichwa, kontena tupu likiwa juu kabisa na lina watoto zaidi ya mmoja, liache. Ukiliondoa, ndugu wa tumbo moja wanakuwa mada mbili zisizojuana. Liache tupu liwashike pamoja, msomaji ataona kuna mtu wa kwanza ambaye hatujampata.

Mtu asipokuwa na References kabisa?

Hapo unakisia kwa kichwa cha habari. Kuna "Re:" mbele? Itafute isiyo na "Re:" yenye kichwa kilekile, uiweke chini yake. Ni kubahatisha tu, manake kundi lolote lina posti hamsini zenye kichwa "Msaada". Na barua pepe zilizoingizwa kwenye makundi zilileta balaa lake, kwa sababu RFC 822 iliruhusu mstari wa In-Reply-To uwe na maneno yoyote, mashine zingine zinaandika kitambulisho, zingine zinaandika kitu kama "barua yako ya Jumatatu".

Nimesikia amri ya kufuta iliweza kufika kabla ya posti yenyewe. Kweli?

Kweli. Kufuta ilikuwa nayo ni posti, inayosema ondoa yenye kitambulisho fulani, na inasafiri njia zilezile na ajali zilezile. Seva ikiipata amri na posti yenyewe haina, isipokuwa na kumbukumbu itasema hamna cha kufuta, saa mbili baadaye posti inaingia na inakaa. Dawa ilikuwa kuandika kitambulisho kwenye daftari la historia kana kwamba ilishafika, basi ikija inaambiwa tunayo tayari. Daftari hilohilo lilitunza majina ya posti zilizokwisha kufutwa kwa umri, ili nakala iliyozubaa mahali isije ikaingia tena kama mpya. Na posti kuukuu kuliko siku kadhaa, programu ya seva iitwayo INN kwa kawaida iliweka 10, ilikataliwa mlangoni bila mjadala.

Mifumo mingine ya zamani ilikuwa na shida hii?

Ile ya kompyuta moja, hapana. PLATO Notes ya 1973 pale Illinois, au CBBS ya Chicago ya 1978, wote mnaandika kwenye mashine moja, anayetangulia katangulia, imeisha.

FidoNet ndo walikuwa wenzetu kwenye shida. Tom Jennings aliuanzisha 1984, kompyuta za nyumbani zinapigiana simu usiku, na mijadala ya pamoja ikaongezwa baadaye. Huku kwetu ndo uliofika mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali Nairobi yalikuwa yanatuma barua kwa Fido kwenda GreenNet ya London, na Afrika ilikuwa na kanda yake, namba 5. Wao walitumia mistari ya MSGID na REPLY, lakini REPLY inataja mzazi peke yake. Mzazi akipotea huna babu wa kumuuliza, uzi umekatika hapo. References ya Usenet ni nzito lakini inabeba ukoo.

Nataka kuandika programu yangu ya kuchora nyuzi ili nijifunze, niangalie nini?

Angalia lupu. Mi yangu ya kwanza niliandika usiku mmoja, nikaipa mafaili ya posti za zamani elfu kadhaa, ikaenda vizuri halafu ikaganda, feni ya laptop inalia kama jenereta. Nikadhani mafaili ni mengi. Asubuhi ndo naona kuna posti mbili, kila moja inamtaja mwenzake kama mzazi, sijui nani alizichezea, na programu yangu inapanda kwa mzazi, kwa mzazi, kwa mzazi, haifiki juu. Zawinski kaandika wazi kabisa kwamba kabla ya kuunganisha hakikisha mtoto hayuko tayari juu ya mzazi, na mi niliusoma huo mstari nikauruka. Baadaye nikakuta na posti iliyojitaja yenyewe.